Nukta Mbili, Tofauti Mbili

Mpe mwanafunzi wa kidato cha nne nukta mbili, A(1, 1) na B(5, 4), umwambie atafute mteremko wa mstari unaopita hapo na umbali kutoka A hadi B. Usikimbilie kuangalia jibu; angalia mkono wake unaanzia wapi. Wengi huanza na kanuni. Wataandika ile ya mteremko, wataandika na ile ndefu ya umbali yenye kipeuo cha pili, ndipo waanze kuhangaika ipi ni x ya kwanza na ipi ni ya pili. Wachache huchora. Huweka mihimili miwili bila hata rula, hudonoa nukta zao, kisha hupiga mstari wa mlalo kutoka A na kushusha wa wima kutoka B mpaka ikutane. Hao tayari wana pembetatu mraba yenye ubavu wa 4 na ubavu wa 3. Kilichobaki ni kusoma swali linataka nini: likitaka mteremko, 3 gawanya kwa 4, likitaka umbali, ni upande mrefu wa pembetatu ileile, yaani 5.

Nimefundisha Hisabati sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na jambo nisiloyumba nalo ni kwamba maswali haya hayana kanuni mbili. Yana tofauti mbili: umesogea kiasi gani kwa mlalo, na umepanda au umeshuka kiasi gani. Ukigawanya ya pili kwa ya kwanza, huo ndio mteremko. Ukizipigia mraba zote mbili, ukajumlisha, ukatafuta kipeuo, huo ndio umbali. Mteremko hausemi umeenda mbali kiasi gani, na umbali hausemi ulielekea wapi. Aliyezishika zile tofauti mbili ana vyote.

Mimi mwenyewe sikufundishwa hivyo ubaoni. Nilifundishwa uwanjani, katika shule moja ya Lushoto, milima ya Usambara, ambako karatasi za grafu zilikuwa adimu; bunda likifika hufungiwa kabatini kusubiri mitihani. Mwalimu wetu, mzee wa Kisambaa asiyependa maneno mengi, akaomba chokaa iliyobaki baada ya kuchora uwanja wa mpira. Akapiga mhimili mmoja kutoka goli hadi goli, mwingine ukaukata katikati, na kila hatua moja akaiwekea alama. Sifuri ilikuwa pale mpira unapoanzia.

Akawa anatuita mmoja mmoja. “Wewe, nenda hasi mbili, tano.” Aliyeitwa aliondoka katikati, akaenda kushoto hatua mbili, ndipo akapanda hatua tano na kusimama. “Na wewe, sita, hasi moja.” Huyo akaenda kulia hatua sita, akashuka moja chini ya mstari. Kila mmoja akapewa ncha ya kamba ya katani, wakaivuta ikakaza. Sisi tuliobaki pembeni tukaulizwa: ukitoka kushoto kwenda kulia, kamba hii inapanda au inashuka? Tukajibu kwa sauti moja kwamba inashuka.

“Basi mteremko wake ni hasi,” akasema. “Hilo mmelipata kabla ya kupiga hesabu yoyote. Atakayeniletea chanya arudi hapa.”

Kisha msichana mmoja akaamriwa atoke chini ya nukta ya kwanza na kutembea juu ya mhimili mpaka usawa wa ile ya pili, sisi tukihesabu. Kutoka hasi mbili hadi sita ni hatua nane. Watu waliokwisha kuandika nne kwenye madaftari walifuta kimyakimya. Akarudia kwa kwenda juu na chini: kutoka tano hadi hasi moja ni hatua sita za kushuka. Mteremko hasi 6 juu ya 8, yaani hasi robo tatu. Kamba ilipolazwa juu ya mhimili ikafika kumi kamili. Hakuna aliyetusomea kanuni siku hiyo. Ilikuja baadaye, na ilipokuja tuliiona kama muhtasari wa kile tulichokwisha kukitembea.

Nilipokuja kusahihisha kazi za watoto wa wenzangu, nukta zenye hasi ndizo zilizomwaga damu nyekundu zaidi kwenye karatasi. Mtoto anaona (–2, 5) na (6, –1), anatoa 2 kwenye 6 anapata 4, anatoa 1 kwenye 5 anapata 4, anatangaza kwamba mteremko ni 1 na umbali ni kipeuo cha pili cha 32. Hesabu imeandikwa kwa mwandiko mzuri, imepigiwa mistari miwili chini ya jibu. Ukimwuliza nukta ya pili iko juu au chini ya ile ya kwanza, anafikiri kidogo, anasema iko chini. Na mstari unaokwenda chini unawezaje kuwa na mteremko chanya? Hapo ndipo anapokushangaa, kana kwamba hakujua kuwa zile namba na ule mstari ni kitu kimoja.

Lawama yote nisimtwishe mtoto. Muhtasari tulioufundishia kwa miaka mingi Tanzania uliweka mteremko na mlinganyo wa mstari kidato cha kwanza, nadharia ya Pythagoras kidato cha pili, halafu umbali kati ya nukta mbili ukasubiri kidato cha nne, pamoja na nukta ya katikati na mistari inayokutana kwa pembe mraba. Sababu ya mpangilio huo naielewa: umbali unahitaji Pythagoras, na Pythagoras anahitaji mraba na kipeuo. Lakini kufika kidato cha nne, ile pembetatu iliyochorwa chini ya mstari kidato cha kwanza imeshasahaulika, na umbali unaingia darasani kama mgeni mwenye kanuni yake. Kwa mtoto, hivyo vinakuwa vitu viwili vya kukariri. Walimu tulio wengi tulikuwa na nafasi ya kuirudisha ile pembetatu ubaoni katika dakika kumi za kwanza za somo. Ni dakika kumi zenye faida kuliko mazoezi ishirini.

Kuhusu historia nitapita haraka. Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alichapisha mjini Leiden kitabu chake cha falsafa, akakiambatanishia kazi iitwayo La Géométrie, na humo ndimo dunia ilipoona maumbo yakigeuzwa kuwa milinganyo. Mwenzake Pierre de Fermat alikuwa amefika palepale kwa njia yake, ila maandishi yake hayo yalichapishwa mwaka 1679, yeye akiwa ameshafariki. Walimu wanapenda kusimulia kwamba Descartes alipata wazo hilo akiwa kitandani anamtazama nzi akitembea darini. Ni hadithi tamu, isiyo na ushahidi. Isitoshe, mwenye kufungua kitabu chenyewe hatakuta ile mihimili miwili iliyokatana kwa pembe mraba kama tunavyoichora. Hiyo ilikamilishwa na waliomfuata. Mimi nzi huyo namwacha nje ya darasa.

Kilichonifunza zaidi kuliko Descartes ni barabara ya nyumbani. Mombo iko chini bondeni, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Haifiki mita 500 kutoka usawa wa bahari. Lushoto iko juu, karibu mita 1,400. Ukiiangalia ramani, miji hii miwili imekaa karibu kwenye mstari mmoja wa kusini kwenda kaskazini, na ndege angeruka kama kilomita 11 tu. Basi la abiria linatembea kama kilomita 33. Tulipokuwa wanafunzi tulilalamika kwamba barabara inazungukazunguka bure. Mwalimu wetu akatupa kazi: tafuta mteremko wa ndege na mteremko wa basi.

Tuseme kupanda ni kama mita 1,000. Ndege anapanda mita 1,000 ndani ya mita 11,000 za mlalo, karibu asilimia 9. Basi linapanda mita 1,000 hizohizo ndani ya mita 33,000, karibu asilimia 3. Tofauti ya wima haibadiliki hata ufanyeje, kwa sababu mlima ni uleule. Unachoweza kubadilisha ni ile nyingine. Barabara imenunua wepesi kwa urefu, na kila kona inayowatapisha abiria ni malipo ya bei hiyo. Hesabu yenyewe ni wastani, wala usidhani mlima ule unapanda kwa kipimo kimoja kuanzia chini hadi juu. Yako maeneo ambayo dereva anashusha gia na kunyamaza. Ila kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba mteremko na umbali vinaweza kubadilishana, na kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kupatana bei hiyo.

Ukizipanda njia za mlima, kule Kitonga kwa mfano, malori yanakokaba barabara ya kwenda Iringa, utaona vibao vya onyo vyenye asilimia. Wanafunzi wangu wengi hudhani asilimia 10 ni nyuzi 10. Siyo. Ni mita 10 za kupanda kwa kila mita 100 za mlalo, na pembe yake haifiki hata nyuzi 6. Na lami yenyewe ina urefu gani katika mita hizo 100? Piga mraba, jumlisha, tafuta kipeuo cha 10,100: mita 100 na sentimita 50 hivi. Lile gari zito linalohema limeongezewa nusu mita tu ya njia. Kinachoitesa injini ni mteremko. Umbali haujabadilika kwa kiasi cha kusema. Swali hili nililipenda kwa sababu linawatenganisha vizuri hao ndugu wawili, mteremko na umbali.

Darasani, swali linalowatisha watoto ni lile la kuthibitisha pembe mraba. Una A(1, 1), B(5, 4) na C(2, 8). Onyesha kwamba pembetatu ABC ina pembe mraba B na kwamba pande zake mbili zinalingana. Hapa nilikuwa nachukua jalada la daftari lililokwisha, nakata pembetatu mraba yenye vipimo vya 4 kwa 3 kulingana na miraba ya karatasi ya grafu, na kuibana kwa pini kwenye nukta B. Upande wake mrefu unalala juu ya AB. Kisha naigeuza robo mzunguko, polepole, wote wakiangalia. Ubavu uliokuwa umelala mlalo sasa umesimama wima, na uliokuwa wima umelala. Ile 4 ya kwenda kulia kutoka A hadi B imekuwa 4 ya kwenda juu kutoka B hadi C. Ile 3 ya kwenda juu imekuwa 3 ya kwenda kushoto, yaani hasi 3. Ncha imetua juu ya C.

Hapo hapana cha kukariri. Mteremko wa AB ni 3 juu ya 4. Wa BC ni 4 juu ya hasi 3. Ukizidisha unapata hasi 1, na sasa kila mtu ameona ile hasi imetoka wapi na kwa nini sehemu imepinduka. Na urefu? Ni kipande kilekile cha jalada, hakikukatwa wala kuongezwa, kwa hiyo AB ni 5 na BC ni 5. Upande wa AC una tofauti za 1 na 7, na kipeuo cha 50 kinakamilisha hadithi, kwani 25 na 25 ni 50. Mwenye bidii atauliza nukta ya nne iko wapi ili tupate mraba kamili. Endelea na mwendo uleule kutoka A: 3 kushoto, 4 juu, unafika (–2, 5). Eneo lake ni 25. Nimewahi kuona mvulana mmoja mkimya wa nyuma kabisa akikiomba kile kipande cha jalada akakae nacho, na wiki nzima hakukirudisha.

Kuna mahali kanuni ya zao la hasi 1 hukwama: mstari ukiwa wima. Nukta (3, 2) na (3, 9) zina tofauti ya mlalo sifuri, na hakuna anayegawanya kwa sifuri. Watoto wengi huandika kwamba mteremko ni 0, wakiuchanganya na mstari uliolala, ambao kweli hauna kupanda. Mstari wima hauna mteremko wa kutaja kwa namba. Umbali wake, hata hivyo, hauna matatizo: ni 7, hesabu kwa kidole. Aliyechora haangaiki.

Nije kwenye swali ambalo kwangu ndilo kipimo halisi, maana linaunganisha vyote viwili. Kutoka nukta (1, 2), kwenye mstari wenye mteremko robo tatu, tafuta nukta iliyo umbali wa 10. Mwenye kanuni ataandika mlinganyo wa mstari, ataweka thamani ya y ndani ya kanuni ya umbali, atafungua mabano, atajaza ukurasa mzima, na akibahatika atafika mahali panaposema mraba wa (x – 1) ni 64. Kisha ataandika x – 1 = 8, atapata (9, 8), atafurahi na kufunga daftari. Kwa kazi yote ile amepata nusu.

Mwenye tofauti mbili ana njia fupi. Mteremko wa robo tatu maana yake ni 4 kulia kwa 3 juu, na hizo zinakupeleka umbali wa 5. Anataka 10, basi aende mara mbili: 8 kulia, 6 juu, (9, 8). Akitazama mchoro wake anaona mstari haukuanzia pale kwenye (1, 2). Unapita pale na kuendelea upande wa pili. Kwa hiyo kuna na 8 kushoto, 6 chini: (–7, –4). Majibu mawili, mistari mitatu ya kazi. Kipeuo cha pili cha 64 kilikuwa kinamwambia yule wa kwanza jambo hilohilo, kwamba ni 8 au hasi 8, ila hakukuwa na picha ya kumkumbusha. Mimi huyu wa kwanza simpi maksi zote hata kama algebra yake inang’aa.

Haya yote ningeweza kuyaacha darasani kama si kibaraza cha madarasa yetu. Shule niliyokuwa nikifundisha ilipokea mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu. Kibaraza kilikuwa na ngazi, kimeinuka sentimita 60 kutoka chini, na wenzake walikuwa wanambeba asubuhi na mchana. Mkuu wa shule akamwita fundi ajenge njia ya kupandia. Fundi akaangalia, akatoa futi yake, akasema mita tatu zinatosha.

“Fundi, shikamoo,” nikamwambia, maana alikuwa mtu mzima. “Hizo mita tatu umezipata wapi?”

“Marahaba, Madamu. Nafasi ipo, na zege itakuwa kidogo.”

Nikamwomba tujaribu kwanza. Tukalaza mbao mbili nene za mita tatu kutoka chini hadi kibarazani, tukaazima kiti, tukapakia juu yake mfuko wa saruji wa kilo 50, nikamwambia asukume. Akapiga hatua mbili. Ya tatu kiti kikaanza kumrudisha, akakiegemea kwa kifua, mkono mmoja ukitafuta pa kushika. Vijana wake wakakimbia kumsaidia. Aliposhuka alijifuta uso kwa kofia.

“Hii hapana, Madamu. Hii itamrudisha mtoto mpaka getini.”

Sentimita 60 ndani ya mita tatu ni 1 kwa 5, asilimia 20, zaidi ya mara mbili ya yule ndege wa kutoka Mombo. Kipimo kinachotumika sana kwa njia za viti vya magurudumu, na ambacho viwango vya Marekani vimekiweka kuwa mwisho wa ukali, ni 1 kwa 12. Kwa kuinuka sentimita 60 unahitaji mlalo wa mita 7.2. Tatizo ni kwamba mbele ya kibaraza palikuwa na mita sita tu kabla ya mfereji wa maji ya mvua.

Fundi ndiye aliyelipata jibu, wala hakuhitaji penseli. Akachora mchangani kwa kijiti: njia inatoka kibarazani, inafika karibu na mfereji, inageuka na kurudi. “Kama barabara za mlimani,” akasema. Vipande viwili vya mita 3.6, kila kimoja kikishuka sentimita 30, na kati yake sakafu bapa ya mita moja na nusu ili kiti kigeuke bila kuteleza. Mita 3.6 na 1.5 ni 5.1, inaingia ndani ya sita na nafasi inabaki. Kona zake akazinyoosha kwa kamba ya mita 3, mita 4 na mita 5, kama mafundi wa kwetu wanavyoweka kona za msingi siku zote, kisha akaangalia usawa kwa mpira wa maji.

Tulibishana jambo moja tu. Yeye alitaka kupima zile mita 3.6 juu ya ubao uliolala kwenye mteremko. Mimi nikasema zipimwe chini, kwa mlalo. Tukapiga hesabu pamoja: kipeuo cha 13.05 ni 3.61 na kidogo. Sentimita moja. Akacheka sana, na alikuwa na haki ya kucheka. Lakini nikamwuliza kuhusu mapaa anayoezeka. Paa likiwa na mteremko wa robo tatu na mlalo wake ni mita 4, bati linatakiwa la mita ngapi? Akajibu papo hapo, tano, na bado hujaweka la kuning’inia nje ya ukuta. Hapo hasara ya kupima mlalo badala ya mteremko ni mita nzima kwa kila bati. Mteremko mdogo husamehe; mkali hausamehe. Ndivyo fundi yule alivyonielezea, na tangu siku ile nilikuwa nawapa wanafunzi mfano wa paa na wa njia ile kwa pamoja, ili waone lini tofauti hiyo ni ya kupuuza na lini itamfilisi mtu.

Walimu wenzangu wanaofundisha jiometri ya majiranukta nawaomba kitu kimoja: kabla ya kanuni, mtoto achore, na kabla ya kuchora, atembee. Chokaa haina gharama kubwa, kamba zipo, na uwanja shule nyingi zinao. Mkisahihisha, mpeni alama mwenye mchoro sahihi hata kama hesabu imemteleza mwishoni, maana huyo anajua anakokwenda. Wa kanuni tupu akiteleza hana pa kurudi.

Na wewe mzazi au mlezi mwenye mtoto wa kidato cha nne, jioni ya leo mpe swali hili: kutoka nukta (2, 1), kwenye mstari wenye mteremko wa 5 juu ya 12, tafuta nukta iliyo umbali wa 13. Majibu ni (14, 6) na (–10, –4). Akikuletea moja, mwambie bado hajamaliza.